Mwimbaji Amekwenda Wapi? Historia ya Dabu kutoka Kingston mpaka Berlin

Kila mara tunapopitisha rege ya zamani katika kipindi cha muziki, tunapokea ujumbe wa namna moja: "Ndugu mtangazaji, wimbo ulianza vizuri, kisha mwimbaji akapotea. Ni redio yangu imeharibika ao ni antena yenu?" Jibu ni kwamba redio yako ni nzima, na antena pia, siku hiyo angalau. Mwimbaji aliondolewa kwa makusudi. Na mmoja wa waliomwondoa alikuwa fundi wa redio.

Muziki huo unaitwa dabu. Ulizaliwa Jamaika, kisha mafundi wengine wa London na Berlin wakauchukua wakaendelea kuufungua, kama vile fundi wa gereji anavyofungua moteri ya pikipiki na kutandaza vyuma vyote chini, mpaka wengine wakabakiza karibu upepo mtupu. Kazi hiyo ya Ulaya watu wanaiita muziki wa majaribio, wanaipa heshima ya maabara. Ile ya Kingston mara nyingi wanaiita mizizi tu. Mimi sikubaliani na mgawanyo huo, na ndiyo sababu naandika.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Osbourne Ruddock, lakini Kingston nzima ilimjua kama King Tubby. Alizaliwa mwaka wa 1941. Hakuwa mpiga gitaa wala mwimbaji. Alitengeneza redio zilizokufa, alisuka transfoma kwa waya wa shaba, alijenga ampli. Ni kazi ile ile unayoiona sokoni kwetu: kijana amekaa nyuma ya meza iliyojaa matumbo ya redio, mkononi ana chuma cha moto cha kulehemu.

Wateja wake wakubwa walikuwa wenye saundi sistemu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakaaji wengi wa Kingston hawakuwa na pesa za kuingia mahali ambapo orkestra zilipiga. Walicheza uani na barabarani, mbele ya bafle kubwa kama kabati za nguo. Mwenye saundi sistemu alikuja na gari, akashusha bafle, ampli na sahani za santuri, akapiga mpaka asubuhi, na faida yake ilitoka katika kiingilio na vinywaji. Ushindani ulikuwa mkali. Mwenye besi nzito zaidi alichukua watu wote, na mwenye wimbo ambao mwenzake hana alichukua hata wale waliokuwa wameanza kwenda kulala. Juu ya hiyo walikuwa wanakatiwa sahani zao peke yao kwenye studio, sahani laini ambayo baada ya kupigwa mara chache inaanza kuchakaa. Kukata nakala hiyo ndiko kulikoitwa dabu, na jina likabaki.

Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 mwenye saundi sistemu mmoja wa Spanish Town, Ruddy Redwood, alikwenda kwenye studio ya Treasure Isle kukatiwa wimbo wa kundi la The Paragons. Fundi wa kukata akasahau kufungua sauti ya waimbaji. Redwood hakukasirika. Aliichukua sahani hivyo hivyo, usiku akapiga kwanza wimbo kamili, kisha ile yenye vyombo vitupu. Watu wakajaza pengo wenyewe. Waliimba uwanja mzima.

Baada ya hapo wafanyabiashara wa muziki wakaona njia: upande mmoja wa sahani wimbo, upande wa pili wimbo ule ule bila mwimbaji. Huna haja ya kulipa wimbo wa pili. Na juu ya ule upande mtupu vijana wa saundi sistemu wakaanza kusema maneno yao kwenye mikro, kama U-Roy aliyekuwa kwenye saundi sistemu ya King Tubby mwenyewe. Wasomi wa muziki wanaona hapo moja ya mizizi ya rap.

Tubby alikuwa akifanya kazi ya kukata sahani huko Treasure Isle, kwa hiyo kuondoa sauti ilikuwa kazi yake ya kila siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alinunua meza ya kuchanganya sauti ambayo studio kubwa ya Dynamic Sounds haikuihitaji tena, akaiweka katika nyumba ya barabara ya Dromilly, mtaa wa Waterhouse. Chumba kilikuwa kidogo mno kwa orkestra. Bafu ndilo lililokuwa chumba cha kuimbia. Wafanyabiashara kama Bunny Lee walirekodi wanamuziki kwenye studio nyingine, kisha wakamletea utepe wenye njia nne: ngoma njia moja, besi njia moja, gitaa na kinanda njia moja, sauti njia moja. Njia nne tu. Kwa njia hizo nne Tubby alifanya mambo ambayo leo watu wenye kompyuta na njia mia wanayatafuta bado.

Ili kuelewa alichofanya, hesabu rege kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne. Katika muziki mwingi wa dansi ngoma kubwa inapiga kwenye moja. Katika rege ya namna iliyotawala miaka ya 1970, moja ni tupu. Ngoma kubwa inangoja mpaka tatu. Gitaa linakata katikati, fupi, kama mtu anayepasua kuni ndogo. Besi ndiyo inayobeba wimbo. Kwa hiyo rege yenyewe tayari ilikuwa muziki wenye shimo ndani yake, na mtu anayeondoa kitu katika rege hauangushi wimbo, anapanua shimo lililokuwamo. Jaribu kuondoa hivyo katika rumba yetu, ambapo magitaa matatu yanasukana kama mkeka, uone kinachobaki.

Halafu mwangwi. Sisi wa redio tunaujua kwa njia mbaya. Msikilizaji anapiga simu kwenye kipindi, redio yake iko wazi kando yake, anajisikia akirudi kwa nyuma, anachanganyikiwa, kisha mluzi unapanda mpaka tunapiga kelele: "Punguza redio yako!" Sauti inatoka kwake, inazunguka, inarudi kwake kwa kuchelewa, inaingia tena kwenye simu, inazunguka tena. Tubby alitengeneza mzunguko huo kwa utepe: kichwa kimoja cha mashine kinarekodi, kingine mbele yake kinasoma kwa kuchelewa, na kinachosomwa kinarudishwa kurekodiwa tena. Ila yeye alikuwa ameshika kidole kwenye kitufe. Alirusha pigo moja la gitaa kwenye mzunguko, akaliacha lizunguke mpaka karibu lipande mluzi, akalikata. Alikuwa pia na kichujio kilichokata sauti nzito hatua kwa hatua, hata ngoma ikabaki kama mchanga unaomwagika. Yote hayo aliyafanya moja kwa moja, mikono juu ya meza, utepe ukienda. Akirudia, dabu ya pili haifanani na ya kwanza.

Mwenye kutaka mfano atafute sahani ya Augustus Pablo ya mwaka wa 1976, King Tubbys Meets Rockers Uptown. Wimbo wenye jina hilo ulikuwa kwanza wimbo wa mapenzi wa Jacob Miller. Katika dabu, Miller anatokea neno moja ao mawili, anazama, anatokea tena mbali. Pablo anapiga melodika, ile filimbi yenye vibonye vya kinanda. Mtu wa mapenzi amekuwa mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde.

Tukumbuke pia Waterhouse ilikuwa mahali gani. Katika miaka hiyo vyama viwili vikubwa vya Jamaika viligawana mitaa ya Kingston kwa bunduki. Mwaka wa 1976 serikali ilitangaza hali ya hatari. Mwaka ule ule nyumba za Orange Lane zilichomwa moto na familia zikabaki nje. Katika mwaka wa uchaguzi wa 1980 watu mamia waliuawa. Wako wanaosema kwamba mashimo ya dabu ni mashimo ya wakati huo. Mimi sipendi kufunga mambo kwa kamba fupi hivyo, kwa sababu sababu ya kwanza ya mashimo ilikuwa biashara ya upande wa pili wa sahani. Lakini watu waliocheza mbele ya zile bafle walikuwa watu waliohama mtaa mmoja kwenda mwingine usiku, na nafikiri wao walisikia kitu ambacho mfanyabiashara hakukiweka.

Fundi wa pili ni Lee Perry. Alizaliwa mwaka wa 1936, akafariki mwaka wa 2021. Yeye na Tubby walikuwa kama maji na moto. Tubby alikuwa msafi, kila waya mahali pake. Perry alijenga studio yake, Black Ark, uani nyumbani kwake mwaka wa 1973, na humo aliweka tabaka juu ya tabaka: mtoto analia, ng'ombe analia, maji, kengele, mpaka utepe wenyewe unaanza kuvuma. Wapo wanaosikia uchafu katika uvumi huo. Mimi nasikia mvua juu ya bati.

Hapa Kongo inaingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa jina tu: mwaka wa 1977 Perry alirekodi kundi la The Congos, sahani iitwayo Heart of the Congos. Wale ni Wajamaika, Cedric Myton na Roy Johnson, waliojiita hivyo juu ya kupenda Afrika. Mlango wa pili ni wa watu wenyewe. Wakati huo huo Wazaire wawili, Seke Molenga na Kalo Kawongolo, walikuwa wamekwama Kingston, mbali na kwao. Perry akawapokea Black Ark. Waliimba kwa lugha zao juu ya besi ya Jamaika, tarumbeta zikipiga namna ya nyumbani, na nyimbo hizo zikatoka Ufaransa mwaka wa 1979. Ni sahani ya ajabu, si rumba, si rege. Sijui kama naweza kuieleza zaidi ya hivi: ni watu wawili wanaoimba katika chumba cha mwenyeji ambaye haelewi hata neno moja lao, lakini amefungua kila mikro aliyo nayo ili asikose kitu. Baadaye Black Ark iliteketea kwa moto.

Upande mbaya wa habari hii ni malipo. Mpiga besi alilipwa mara moja siku ya kurekodi. Mdundo wake ukatumika katika nyimbo kumi, ishirini, na katika dabu za kila mmoja wa hizo, na hakuona pesa nyingine. Mpaka mwaka wa 1993 Jamaika ilikuwa bado chini ya sheria ya haki za watungaji ya Waingereza ya mwaka wa 1911, sheria iliyoandikwa kabla watu hawajajua kwamba wimbo unaweza kufumuliwa. Kwa hiyo tunaposifu sanaa ya kuondoa, tukumbuke kwamba mara nyingi jina na mshahara viliondolewa pamoja na sauti. King Tubby mwenyewe hakuiona sheria mpya. Alipigwa risasi mbele ya nyumba yake tarehe 6 Februari 1989.

Dabu ilifika Uingereza ndani ya masanduku ya wahamiaji wa Karibi, na saundi sistemu zikajengwa London kama kule nyumbani. Huko Mwingereza mmoja kijana, Adrian Sherwood, alikua akiuza sahani za Jamaika, kisha akaanzisha lebo yake, On-U Sound. Kwa Sherwood kazi inabadilika. Tubby alifungua wimbo ili watu wacheze. Sherwood aliufungua, na mara nyingine hakujali kama utafungika tena. Mwaka wa 1981 alitoa sahani ya kwanza ya African Head Charge pamoja na mpiga ngoma mzaliwa wa Jamaika, Bonjo Iyabinghi Noah: ngoma za mkono za Kirasta zimekatwa vipande na kurushwa huku na huku. Mwaka wa 1983 ikaja Learning to Cope with Cowardice ya Mark Stewart, mtu wa Bristol. Humo kuna wimbo Jerusalem, ule ambao Waingereza wanauimba wakiwa wamesimama, kanisani na uwanjani. Sherwood na Stewart waliuweka juu ya besi ya rege, wakaupasua, mwimbaji anapiga kelele ndani ya mwangwi kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Nisipitishe muziki huo saa kumi na mbili asubuhi, naomba. Lakini ni kazi ya hasira ya kweli, ya watu waliotazama inchi yao wenyewe.

Mambo mengine ya Uingereza nayapita haraka: Mad Professor, mzaliwa wa Guyana, aliyefumua sahani nzima ya Massive Attack mwaka wa 1995 na kuiita No Protection, Kevin Martin ambaye mwaka ule ule alikusanya Macro Dub Infection, na vijana wa kusini mwa London walioleta dabustepi katika miaka ya 2000. Kila mmoja anastahili siku yake.

Berlin ndiko kunakonivuta zaidi. Mwaka wa 1989, mwaka ule ule ukuta ulipoanguka, Mark Ernestus alifungua duka la sahani liitwalo Hard Wax. Mji ulikuwa umejaa majengo matupu, vijana wakacheza tekno ya Detroit ndani ya vyumba vya chini. Pamoja na Moritz von Oswald, Ernestus alianzisha Basic Channel mwaka wa 1993. Walitoa sahani chache tu kwa jina hilo, bila picha zao, bila hotuba. Walichofanya ni hiki: walichukua ngoma ya tekno, inayopiga moja-mbili-tatu-nne bila kupumzika, na juu yake hawakuweka rege, waliweka kile kinachobaki rege ikishaondoka. Lile pigo fupi la gitaa limekuwa wingu la kinanda. Mwangwi umebaki, lakini mwenye kuita haonekani. Mtu anaweza kusikiliza dakika 10 akingoja wimbo uanze, kumbe ndio huo.

Mjini humo humo Stefan Betke alikuwa fundi wa kukata sahani, kazi ile ile ya Tubby. Alikuwa na kichujio cha sauti cha Waldorf kilichoharibika, kikawa kinatoa mlio wa kuchakarika, kama mafuta kwenye kikaango. Mwingine angekitupa. Betke aliuchukua mlio huo ukawa ngoma yake, akaweka chini yake besi ya dabu, akatoa sahani tatu kati ya 1998 na 2000 zilizoitwa 1, 2 na 3. Jina la kazi alilotwaa ni Pole, kutoka katika jina la kile kichujio, na kwa masikio yetu sisi limetoka vizuri kuliko alivyojua mwenyewe: neno tunalompa mfiwa, na neno tunalomwambia anayekwenda haraka mno.

Nazipenda sahani za Pole, lakini baada ya muda naanza kuuliza swali la wasikilizaji wangu: mwimbaji amekwenda wapi? Rege ilikuwa muziki wa watu wenye la kusema juu ya njaa, polisi na Mungu. Ukiwaondoa wote ukabakiza uzuri wa chumba walichokuwamo, umefanya kazi safi, lakini umehamisha watu.

Nafikiri Ernestus na von Oswald waliliona hilo. Walianza kumrudisha mwimbaji. Mmoja wao alikuwa Paul St. Hilaire, anayeitwa Tikiman, mtu wa kisiwa cha Dominika aliyehamia Berlin. Kisha, kwa jina Rhythm & Sound, wakawaita wakubwa wa Jamaika, kama Cornell Campbell. Mwaka wa 2003 walitoa sahani mbili pamoja: moja yenye waimbaji, jina la kila mmoja likiwa limeandikwa, na nyingine yenye midundo mitupu ya nyimbo zile zile. Mwaka wa 2005 ikaja See Mi Yah: mdundo mmoja tu kwa sahani nzima, na waimbaji mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, Sugar Minott na Willi Williams wakiwamo, kila mmoja akisimama mahali pale pale na kusema lake. Ni desturi ya zamani kabisa ya Jamaika, ila sasa imepunguzwa mpaka mifupa. Besi iko chini sana hata simu ya mkononi haiwezi kuitoa. Tafuta bafle, hata moja ya jirani.

Na Ernestus akafika mpaka kwetu. Kinshasa kulikuwa na Mingiedi Mawangu, Mzombo, ambaye tangu miaka ya 1960 aliongoza kundi Konono Nº1. Likembe halikusikika katika kelele za mji, kwa hiyo alitengeneza mikro zake mwenyewe kwa sumaku za vyuma vya magari ya zamani, akapitisha sauti katika vipaza vikubwa. Zikakwaruza, akayaacha makwaruzo yawe sehemu ya wimbo. Sahani yao Congotronics ilitoka Ubelgiji mwaka wa 2004, na mashabiki wa muziki wa majaribio wakaipokea kama kitu kutoka kesho, wakati mzee alikuwa akiipiga kwenye matanga ya Kinshasa miaka mingi. Mwaka wa 2010 wanamuziki wa Ulaya na Marekani waliombwa kufumua nyimbo za Konono na wenzao. Ernestus alichagua Masikulu, akaifungua kwa mikono ile ile iliyojifunza kwa Tubby, akaiita Masikulu Dub. Mingiedi alifariki mwaka wa 2015.